MOTA KUBWA ZA KABONI: UKINZANI WAKE HUPIMWAJE?

Katika kurasa hizi umezoea kusoma insha, mashairi na uchambuzi wa riwaya. Leo nakuomba tukunje mikono ya shati tuingie karakana. Kuna wenzetu wanaodai ati Kiswahili ni lugha ya hadithi na ngonjera tu, na kwamba ukifika kwenye maabara ya fizikia yakupasa ukiache mlangoni pamoja na mkoba. Sitabishana nao kwa maneno mengi. Nitachukua jambo moja la ufundi, jambo linalowatatiza hata watu waliozoea kushika bisibisi, tulichambue kwa Kiswahili mpaka lieleweke. Jambo lenyewe ni hili: utajuaje kwa kupima ukinzani kwamba mota kubwa ya mkondo mnyoofu ni nzima au imeungua?

Hili si swali la mtihani peke yake. Mota ya namna hii ikihukumiwa kwamba imekufa, mwenyewe hulipa pesa nyingi ifumuliwe na kusukwa koili upya, na huenda ilikuwa inataka tu kaboni mpya na kufagiliwa vumbi. Na ikihukumiwa kwamba ni nzima, kumbe bodi lake limeshika umeme, basi mtu wa kwanza kuigusa ndiye atakayetoa jibu sahihi. Hapo fizikia si mchezo.

Mkondo mnyoofu ni umeme unaokwenda upande mmoja tu, kama ule wa betri. Stima ya nyumbani ni mkondo geu, huenda na kurudi mara 50 kila sekunde. Mota nyingi za viwandani siku hizi ni za mkondo geu na hazina kaboni kabisa, lakini zile za mkondo mnyoofu bado zipo. Stata ya lori ni mmoja wa mifano iliyo karibu nawe. Ni ndogo kwa umbo lakini hula mamia ya ampea inapoamsha injini. Ziko pia kwenye lifti za zamani, winchi, na mashine za kukandamiza chuma. Tena ziko chini ya vichwa vya treni. Chukua vile vichwa vya dizeli vya daraja la 93 vya Shirika la Reli la Kenya, vilivyoundwa na General Electric ya Marekani na kuanza kuletwa mwishoni mwa miaka ya 1970. Wengi hudhani dizeli ndiyo inayozungusha magurudumu. La hasha. Dizeli huzungusha jenereta, na umeme unaotoka humo huendea mota sita za kaboni, moja kwa kila ekseli. Mota hizo ndizo zinazovuta mabehewa kupanda kutoka Mombasa.

Kabla ya kupima, tuifungue mota kwa macho. Ndani mna sehemu mbili kuu. Ya kwanza haizunguki: ni nguzo za chuma zilizovishwa koili, nazo zikipata umeme huwa sumaku. Hizi ni koili za uga, au fildi kama wasemavyo mafundi. Ya pili huzunguka: ni amecha, gogo la chuma lenye mifereji iliyolazwa koili za shaba nzito. Miisho ya koili hizo imelehemewa kwenye duara la vipande vya shaba vilivyotengwa kimoja kimoja kwa maika. Duara hilo huitwa komuteta. Juu ya komuteta hukaa vitofali vya kaboni vinavyosukumwa na springi, na hivyo ndivyo vinavyopitisha umeme kutoka kwenye waya uliosimama hadi kwenye shaba inayozunguka. Vitaalamu huitwa brashi, lakini ukienda gereji uitishe brashi huenda ukaletewa ya kupaka rangi. Sema kaboni.

Sasa tuje kwenye ukinzani. Georg Ohm, Mjerumani, alichapisha sheria yake mwaka 1827, nawe umeikariri: volti ukigawanya kwa ampea utapata omu. Shida huanzia hapo hapo. Mtu akikuuliza, "Mota hii ina omu ngapi?" amekuuliza maswali mawili kwa pumzi moja bila kujua. Swali la kwanza ni: shaba ya ndani inapitisha umeme vizuri kiasi gani? Hapo tunatarajia namba ndogo sana, sehemu ya omu moja. Swali la pili ni: kihami kilichovishwa shaba hiyo kinauzuia umeme usitorokee kwenye bodi la chuma kwa kiasi gani? Hapo tunatarajia namba kubwa sana, mamilioni ya omu, yaani megaomu. Na ile mita ndogo ya mkononi ambayo kila fundi anayo, multimita, hushindwa katika maswali yote mawili ikiletewa mota kubwa.

Kwa nini ishindwe? Tuseme tuna mota ya kiwandani iliyoandikwa kwenye kibati chake: volti 440, ampea 190, kilowati 75. Mota ya ukubwa huo amecha yake huweza kuwa na ukinzani wa karibu omu 0.1. Stata ya lori ni omu 0.01 au pungufu. Sasa chukua multimita yako, gusanisha ncha zake mbili zenyewe kwa zenyewe. Zitasoma omu 0.2 au 0.3, na hujapima kitu bado! Nyaya za mita zina ukinzani kuliko mota unayotaka kuipima. Ni kama kwenda Mariakani kwenye ile mizani ya malori ili upimiwe robo kilo ya sukari. Mizani si mbovu, ni ya mzigo mwingine. Na ile sauti ya "piii" ambayo mita hutoa waya ukiwa umeunganika, wengi huipenda mno. Lakini mita hulia hata ukinzani ukiwa omu kumi au zaidi. Amecha nzima italia. Amecha iliyopigwa shoti nusu nzima italia vilevile, tena kwa furaha ile ile.

Kwa swali la pili, multimita hushindwa kwa sababu nyingine. Inapopima omu hutumia volti chache tu kutoka kwenye betri yake. Kihami kilichopasuka au kilicholowa chaweza kuzuia volti 3 bila taabu, kisha kikasalimu amri mbele ya volti 440. Kukipima kihami kwa multimita ni sawa na kukagua kama paa linavuja wakati wa kiangazi.

KUPIMA SHABA

Dawa ya swali la kwanza ni rahisi kiasi kwamba hata maabara ya shule yaweza kuifanya. Usiiulize mita omu. Pitisha mkondo unaoujua kwenye koili, halafu pima volti zinazoonekana katika koili yenyewe, kisha piga hesabu ya Ohm mwenyewe. Unahitaji betri ya gari ya volti 12, balbu ya taa kubwa ya gari ya wati 55 au 60, ampea-mita, na volti-mita inayosoma milivolti. Balbu hiyo ndiyo mlinzi wa mlango: betri ikiunganishwa na amecha bila balbu itamwaga mamia ya ampea, na nyaya zako zitageuka makaa. Balbu ikiwa katikati, mkondo hauzidi ampea 5 hivi.

Siri iko kwenye mahali unapogusa. Nyaya mbili nene huleta mkondo. Nyaya nyingine mbili, nyembamba, ni za volti-mita peke yake, nazo hugusa shaba ya koili ndani ya zile nene. Kwa kuwa volti-mita hainywi mkondo wa maana, ukinzani wa nyaya zake hauna la kusema. Ukinzani wa vibanio vinavyoleta mkondo nao umebaki nje ya kipimo. Waya nne badala ya mbili, basi, na ile robo kilo ya sukari imepata mizani yake. William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, alilishughulikia jambo hili katika karne ya 19, na mpaka leo mita maalumu za kupima miliomu hubeba nyaya nne na jina lake.

Tujaribu kwa mota yetu. Mkondo umesoma ampea 5. Volti-mita imesoma milivolti 500, yaani volti 0.5. Gawanya: omu 0.1. Namba hiyo ni halali. Iandike kwenye daftari pamoja na tarehe na hali ya joto, maana mota yenye historia ni rahisi kuitibu kuliko mota isiyo na cheti.

Hebu tuitumie kidogo kabla hatujaendelea. Mota hii ikiwashwa moja kwa moja kwenye volti 440 kabla shafti haijaanza kuzunguka, itavuta 440 kugawanya kwa 0.1, yaani ampea 4,400! Mbona basi kibati kinasema 190? Kwa sababu amecha ikishazunguka hujifanya jenereta na kuzalisha volti za kinyume zinazoupinga umeme unaoingia. Katika ampea 190, shaba ya amecha hula volti 19 tu. Karibu zote zilizobaki hukabiliwa na volti za kinyume. Ndiyo maana mota kubwa huamshwa polepole, kwa kuwekewa ukinzani wa nje unaotolewa hatua kwa hatua, au kwa mtambo wa elektroniki unaopandisha volti pole pole. Ukinzani wake yenyewe ni mdogo mno kujilinda.

KABONI NI MSHITAKIWA ASIYE NA HATIA

Ingekuwa kazi imekwisha hapo kama si kaboni. Mtu akiweka multimita kwenye nyaya za nje za mota, umeme wa mita hauna budi kupita: waya, kaboni, komuteta, koili, komuteta, kaboni, waya. Atasoma omu 2. Akizungusha shafti kidogo kwa mkono, atasoma 0.7. Akizungusha tena, 5. Hapo atatikisa kichwa na kusema, "Hii imeisha, ipelekwe ikasukwe." Lakini kilichobadilika ni nini? Koili zote ni zile zile. Kinachocheza ni mguso wa kaboni na shaba.

Juu ya komuteta inayofanya kazi vizuri pana utando mwembamba wa oksidi ya shaba na kaboni, rangi ya kahawia kama chokoleti. Utando huo ndio afya ya komuteta, na anayeupiga msasa mpaka shaba ing'are kama sufuria ya harusi ameipunguzia mota maisha. Chini ya mkondo mdogo wa multimita utando huo huonekana kama ukuta. Chini ya mkondo mkubwa wa kazi haufanyi hivyo: kila upande wa kaboni hupoteza takriban volti 1, uwe unapitisha ampea 50 au 150. Tazama jambo hili kwa makini, kwa maana hapa sheria ya Ohm uliyoikariri inakwama. Volti hazipandi pamoja na mkondo. Katika ampea 190, volti 2 za pande zote mbili ni sawa na omu 0.01 tu. Katika ampea 5, tuseme umepoteza volti 1 kwa jumla, "ukinzani" huo huo umekuwa omu 0.2, mara mbili ya amecha nzima. Kaboni haina ukinzani mmoja unaoweza kuuandika kwenye kibati.

Kwa hiyo ukitaka kuijua amecha, inua kaboni zote kutoka kwenye komuteta, kisha peleka mkondo na volti-mita moja kwa moja kwenye vipande vya shaba. Ukinyanyua kaboni itazame pia: imebaki urefu gani, inateleza vizuri kwenye kishikizo chake, springi inasukuma? Mota nyingi zilizoitwa maiti zilikuwa na springi iliyolegea tu.

Na hata ile omu 0.1 ya jumla haitoshi. Amecha ina koili nyingi, pengine mia na zaidi. Moja ikipigwa shoti, jumla hubadilika kidogo sana na huwezi kuona kitu. Kinachofaa ni kupima kipande kwa kipande. Peleka mkondo kwenye vipande viwili vilivyo mahali pa kaboni mbili jirani, chanya na hasi. Kwa mota ya nguzo nne hiyo ni robo ya mzunguko. Kisha, katikati ya pointi hizo mbili, pima milivolti baina ya kipande na jirani yake, halafu jirani na jirani. Sogeza pointi za mkondo, endelea mpaka duara limalizike. Kazi ni ya kuchosha, mwombe mwenzako aandike. Tuseme unapata 17, 17, 16, 17, kisha ghafla 3, halafu 17. Ile 3 ni koili iliyojifunga yenyewe kwa yenyewe: mota ikizunguka, mkondo utazunguka ndani yake bila kazi na kuichoma mpaka ichome na jirani zake. Sasa tuseme badala ya 3 umepata 31. Hiyo ni njia inayopita kwa shida, aghalabu lehemu iliyoyeyuka pale koili inapoungana na komuteta. Tofauti ya hukumu hizi mbili ni kubwa. Ya kwanza hudai koili mpya. Ya pili yaweza kudai lehemu tu, kazi ya asubuhi moja.

Wasukaji wa mota kule jua kali wana mbinu nyingine kwa shoti ya koili. Huilaza amecha kwenye sumaku ya mkondo geu inayonguruma, iitwayo groula, na kushika kipande cha msumeno wa chuma juu ya mifereji mmoja mmoja. Msumeno ukitetemeka na kung'ang'ania mfereji, koili iliyomo humo ina shoti. Hakuna hesabu hata moja, lakini ni fizikia safi.

KOILI ZA UGA, NA KIPIGO CHAKE

Mota ambayo uga wake umeunganishwa sambamba na amecha huwa na koili za waya mwembamba wenye mizunguko mingi. Hapa ndipo multimita yako hupata heshima yake. Kama uga wa volti 440 hunywa ampea 4, ukinzani ni omu 110, namba ambayo mita yoyote huisoma. Lakini tena usiridhike na jumla. Unganisha betri ya volti 12 kwenye nguzo nne zilizo katika mfululizo, upime volti za kila nguzo. Zikiwa nzima zitagawana sawa: 3, 3, 3, 3. Ukipata 3.15, 3.15, 3.15 na 2.55, yule wa mwisho amepoteza sehemu ya mizunguko yake. (Shoti ya mizunguko miwili mitatu tu yaweza kujificha hapa, wenye vifaa hurudia kipimo hiki kwa mkondo geu, ambao huifichua haraka.) Mota za treni na stata nyingi zina uga wa shaba nene ulio katika mfululizo na amecha. Hizo zirudishe kwenye njia ya waya nne. Vivyo hivyo zile nguzo ndogo za kati zinazosaidia kaboni zisitoe cheche.

Sasa sikiliza vizuri. Koili ya uga huweka akiba ya nguvu ndani ya sumaku yake. Ukiukata mkondo ghafla, sumaku huanguka, na koili huzalisha mamia ya volti kwa mpigo mmoja, hata kama ulikuwa ukitumia betri ya volti 12 tu. Ukiwa umeshika ncha za waya kwa vidole, utajua. Volti-mita itolewe kwanza, kisha mkondo ukatwe kwa swichi, sio kwa kunyofoa kibanio kwa mkono.

Tena kuna sababu ya kupima uga kabla ya kipimo kingine chochote. Mota ya uga sambamba isiyo na mzigo, ikipoteza uga wake inapozunguka, haizimiki kama wengi wanavyofikiri. Volti za kinyume hupungua, amecha huvuta mkondo zaidi, na mota hukimbia kuongeza kasi mpaka koili zing'oke kwenye mifereji. Waya mmoja uliokatika, wa omu 110, waweza kuipasua mashine ya tani moja.

JOTO LINASEMA UONGO KIDOGO

Ukinzani wa shaba hupanda na joto. Kanuni yake ni nyepesi: chukua nyuzijoto za sentigredi, jumlisha 234.5 kila upande, kisha linganisha. Amecha yenye omu 0.100 ikiwa nyuzi 20, itasoma omu 0.124 ikiwa nyuzi 80. Hiyo ni robo nzima karibu, na hakuna kilichoharibika. Hata bila kuwashwa, mota ile ile ikipimwa Nairobi asubuhi ya Julai kwenye nyuzi 15, kisha ikapimwa Mombasa adhuhuri kwenye nyuzi 32, itatofautiana kwa karibu asilimia 7. Atakayelinganisha namba hizo bila kuandika joto atagombana na mwenzake bure. Upande wa pili wa sarafu ni mzuri: ukijua ukinzani wa baridi na wa moto, umepata kipimajoto kilichozikwa ndani ya koili mahali ambapo hakuna kipimajoto cha kioo kingefika.

KUPIMA KIHAMI

Tumefika kwenye swali la pili, na kifaa chake ni mega. Jina hilo limetoka kwa chombo cha Uingereza kilichosajiliwa kwa jina Megger mwaka 1903, na sasa mafundi huita kila chombo cha namna hiyo mega, kama vile kila dawa ya meno ilivyoitwa Kolgeti. Za zamani zina mkono wa kuzungusha, za sasa zina betri. Zote hutoa volti nyingi na mkondo mdogo. Kwa mota isiyofika volti 1,000, tumia mega ya volti 500.

Kwanza mota itenganishwe na stima kabisa, swichi ifungwe kwa kufuli, na ufunguo uwe mfukoni mwako. Tenganisha pia mtambo wa elektroniki unaoiendesha, kwa maana volti 500 za mega zitaua vipande vyake kimya kimya. Inua kaboni ili uga na amecha vipimwe mbalimbali. Waya mmoja wa mega kwenye chuma tupu cha bodi, si juu ya rangi. Mwingine kwenye shaba. Wacha dakika moja kamili, kisha soma.

Namba ipi ni nzuri? Kanuni ya zamani, ambayo bado hutumiwa kwa mota zilizoundwa kabla ya miaka ya 1970 na kwa koili za uga, husema: chukua volti za mota kwa maelfu, ongeza moja, hiyo ndiyo megaomu ya chini kabisa shaba ikiwa nyuzi 40. Kwa mota yetu ni 1.44. Amecha za kisasa zenye koili zilizotengenezwa kwa umbo maalumu hudaiwa megaomu 100. Kihami nacho kina tabia iliyo kinyume cha shaba: kila joto likipanda nyuzi 10, ukinzani wake hupungua kwa karibu nusu. Kwa hiyo hapa pia joto liandikwe.

Mega ikisoma chini, usikimbilie kufumua. Mota za kaboni zina ugonjwa wao wa pekee. Kaboni husagika siku zote, na vumbi lake jeusi, ambalo lenyewe hupitisha umeme, hutanda juu ya vihami na nyuma ya komuteta. Changanya vumbi hilo na unyevu wa pwani, au na mota iliyolala bila kazi msimu mzima wa masika, na utapata megaomu 0.2 kwenye mota ambayo koili zake hazina hata mkwaruzo. Ivute vumbi kwa mashine ya kufyonza. Kulipuliza kwa hewa ya nguvu hulisukuma ndani zaidi. Ifute, iwekee joto la wastani kwa balbu au hita kwa siku moja mbili, pima tena. Namba ikipanda siku hadi siku, ilikuwa kiu ya kukauka. Ikikwama chini baada ya usafi na ukaushaji, hapo sasa pana jeraha la kweli, na msukaji ana haki ya kuitwa.

Jambo la mwisho kabla hujaondoa nyaya. Shaba na bodi, kihami kikiwa katikati, huhifadhi chaji ya mega. Mega ikizimwa chaji haiondoki yenyewe mara moja. Unganisha shaba na bodi kwa waya, na uache hivyo kwa muda usiopungua mara nne ya ule uliopimia. Dakika moja ya kupima, dakika nne za kusubiri. Ndipo ushike.

MASWALI

1. Koili za uga zilisoma omu 110 asubuhi, joto likiwa nyuzi 20. Jioni, mota ikizimwa tu, zilisoma omu 132. Shaba ilikuwa na nyuzi ngapi? (Ukipata karibu 71, umeelewa.)

2. Fundi amepima mota ya volti 440 kwa multimita kupitia kaboni zake, akizungusha shafti kila mara: omu 2.3, kisha 0.8, kisha 4.1. Ameandika "imeungua". Je, ana ushahidi? Taja kipimo kimoja ambacho ungemwomba akifanye, na ueleze waya nne zingewekwa wapi.

3. Mota mbili zimesoma megaomu 0.3 kila moja. Baada ya kusafishwa na kukaushwa siku mbili, ya kwanza imesoma 9 na ya pili 0.3. Mwenye kiwanda ana pesa za kusuka mota moja tu, na anataka zote mbili zirudi kazini Jumatatu. Mwandikie barua ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili sanifu, umshauri. Barua zote zipelekwe kwa mhariri kabla ya shule kufungwa.